ISTILAHI ZA TIBA YA MIFUPA NA VIUNGO: UHAKIKI KUTOKA MWAMBAO WA TANGA

Utangulizi

Istilahi nyingi tunazozijadili katika kurasa hizi hutumiwa na wataalamu wao kwa wao. Neno la uhandisi likiwa zito, mhandisi atalizoea. Neno la sheria likiwa geni, wakili atamfafanulia mteja wake. Istilahi za kliniki ya mifupa na za chumba cha mazoezi zina hali nyingine. Daktari mpasuaji aweza kuunga mfupa wa mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa, na mgonjwa asijue hata jina la mfupa wenyewe. Baada ya hapo kazi humwangukia mgonjwa. Yeye ndiye atakayelikunja goti na kulikunjua kila siku, nyumbani kwake Chumbageni, Pongwe au Kigombe, mahali ambapo hakuna mtaalamu wa kumsahihisha. Alichotoka nacho kliniki ni maneno tu. Maneno hayo yakiwa na kasoro, tiba nayo huingia kasoro.

Katika makala haya tunahakiki baadhi ya maneno yatumikayo katika tiba hiyo, na mifano yetu tumeichukua katika mwambao wa kaskazini wa Tanzania, kuanzia Moa hadi Pangani. Tumeuchagua mwambao huu kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya watu wengi, chenye lahaja zake kama Kimtang'ata. Mgonjwa huja kliniki na msamiati wake kamili wa mwili. Pili, hospitali za mkoa huu hupokea pia wasemaji wa Kidigo, Kibondei, Kisambaa na Kizigua, ambao huonana na mtaalamu kwa njia ya Kiswahili sanifu. Istilahi inayofaulu kwa makundi yote mawili yaelekea itafaulu na kwingineko.

Kipimo chetu ni hiki: je, mgonjwa akilisikia neno, atafanya lile linalotakiwa?

1. "Asibebe uzito"

Mtu aliyevunjika muundi, tuseme kwa ajali ya pikipiki, hupewa amri kuhusu kukanyaga. Wataalamu wanazo daraja nne: kutokanyaga kabisa, kugusa tu, kukanyaga kwa sehemu ya uzito, na kukanyaga kwa uzito wote. Katika maelekezo yaliyofasiriwa neno kwa neno, daraja ya kwanza huandikwa hivi: "Mgonjwa asibebe uzito kwa majuma sita."

Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Lakini kubeba, kwa mchukuzi wa bandarini Tanga au kwa mkata mkonge, ni kutwaa mzigo begani au kichwani. Mgonjwa wa namna hiyo atatii kwa uaminifu. Ataacha magunia, ataacha na ndoo za maji. Kisha atakwenda sokoni na msikitini kwa mguu uleule uliovunjika. Mfupa ukipinda, ataandikwa kuwa ni mkaidi, ilhali alifanya sawasawa na alivyoambiwa.

Hapa lugha haikupungukiwa na neno. Tunavyo vitenzi kanyaga, gusa na egemea, ambavyo mtoto wa miaka mitatu huvielewa. "Usiukanyage kabisa", "gusisha vidole tu", "kanyaga nusu, nusu egemea mkongojo", "kanyaga sawasawa": daraja zote nne zimepatikana, wala halikubuniwa neno hata moja. Mfasiri alikwenda kulitafuta jina la kigeni katika kamusi, akasahau kutazama mguu unafanya nini.

2. Neno "viungo"

Neno hili limebebeshwa kazi nyingi kupita kiasi. Asili yake ni kitenzi unga, kwa maana ya kuunganisha. Kwa asili hiyo kiungo ni mahali mifupa miwili ikutanapo, na kwa asili hiyohiyo huwa kitu cha kuungia mchuzi, yaani bizari, iliki na mdalasini. Maana hizi mbili hazigongani. Hakuna atakayedhani kuwa goti linauzwa dukani. Mgongano uko ndani ya fani yenyewe. Kiungo ni goti. Kiungo ni mkono mzima. Kiungo ni figo na ini. "Mlemavu wa viungo" ni mtu mwenye ulemavu wa mikono au miguu, na "mazoezi ya viungo" ni yale ya shuleni na jeshini: kuruka, kukimbia, kujinyoosha kwa hesabu.

Basi mzee aliyeandikiwa "mazoezi ya viungo" kwa ajili ya bega lililokakamaa yamkini atashangaa, kisha atacheka, kisha hatakwenda. Ajuavyo yeye, hayo ni mambo ya vijana. Na mwenye maumivu ya kiuno huweza kuyachukua maneno hayo kuwa ruhusa ya kukimbia ufukweni.

Kwa jina la fani yenyewe yapo mashauri kadhaa. Fiziotherapia ni neno la kukopa. Halimfundishi mgonjwa chochote, lakini pia halimpotoshi, nalo lafaa katika nyaraka. "Tiba ya mazoezi" husahau kwamba mtaalamu pia hukanda, huchua na hutumia joto. Utengamao, linalotumiwa siku hizi kwa huduma zote za kumrudishia mtu uwezo wake, limetokana na kitenzi tengamaa, ambacho mwananchi hukisikia katika "hali imetengamaa". Tunalipenda neno hili, ila upana wake ni mkubwa kuliko chumba kimoja cha mazoezi.

Sisi tunatoa neno la mwambao lijadiliwe: maungo. Mtu wa pwani husema "maungo yaniuma" akiwa na maana ya mwili na maungio yake, wala hafikirii pilau, figo wala gwaride. "Tiba ya maungo" ina mzizi uleule wa unga bila mzigo wa viungo. Pingamizi lipo, kwani kwa wasemaji wengine maungo ni mgongo peke yake. Uzito wa pingamizi hilo utapimwa na wale wanaoonana na wagonjwa kila siku.

3. Mguu, kiwiko na mshipa

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya mwili, kwa kuwa "mguu" ni kutoka nyongani hadi vidoleni na "mkono" ni kutoka begani hadi kuchani. Madai haya hutolewa na wasiouliza. Mguu una paja, goti, pia ya goti ambayo wengine huiita kilegesambwa, muundi, shavu, kifundo, kisigino na wayo. Mkono una bega, kiwiko, kigasha, kifundo, kitanga na vidole. Fomu yenye neno "mguu" peke yake huandikwa hivyo kwa uvivu wa mwandishi wake.

Yapo hata hivyo maneno ambayo wingi wa maana ni hatari ya kweli. Kiwiko leo, katika shule na vitabu, ni pale mkono unapokunjika katikati. Katika kamusi za zamani, na kwa baadhi ya wazee, kiwiko cha mkono ni kile tunachokiita kifundo cha mkono, nacho kiwiko cha mguu ni kifundo cha mguu. Mganga akiandika "kiwiko" na muuguzi akasikia maana nyingine, wamekosana kwa urefu wa kigasha kizima. Dawa yake ni nyepesi: neno litajwe huku kidole kikionyesha.

Mshipa ni mgumu zaidi. Ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, ni kano, na katika mwambao huu, ambako matende na mabusha yamesumbua watu kwa vizazi vingi, mshipa ni pia ngiri au busha. Mwanamume wa makamo akisema kwa sauti ya chini "nina mshipa", muuguzi mgeni asikimbilie kuandika habari za neva. Jina la Taasisi ya Tiba ya Mifupa na Upasuaji wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, limefanya jambo jema kwa kuandika "mishipa ya fahamu" kwa ukamilifu. Tungependa ufupisho wa "mshipa" usionekane kabisa katika maandishi ya kliniki, na uzi mgumu unaoshikiza msuli mfupani uitwe kano.

4. Maneno yaliyofaulu

Uhakiki wa haki hautaji makosa peke yake. Rufaa lilikuwa neno la mahakamani: mtu asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, shauri likapanda ngazi. Hospitali zikaliazima, na leo mgonjwa wa Tanga anayehitaji upasuaji mkubwa huweza kupewa rufaa ya Moshi au Dar es Salaam, naye huelewa mara moja kwamba shauri la mfupa wake limepanda ngazi. Teule nalo, lililokusudiwa kwa hospitali ya shirika la dini iliyoteuliwa kutumika kama hospitali ya wilaya, limepokewa Muheza hata likawa jina: watu husema tu kwamba wanakwenda Teule.

Wagonjwa nao hubuni. Plasta ngumu ya kufungia mfupa, ambayo katika mafaili huandikwa kwa herufi tatu za kigeni, P.O.P., wao huiita hogo. Ni muhogo uliokuzwa kwa kuondolewa kiambishi chake, na anayejua muhogo uliomenywa, mweupe, mnene na ulionyooka, hahitaji maelezo. Hatusemi hogo liingie katika vyeti. Lakini mtumishi anayelikataza midomoni mwa wagonjwa hujinyima njia fupi ya kusema: "Hogo lisiloweshwe, vidole vikivimba au vikifa ganzi, rudi upesi usiku huohuo."

Magongo ya kutembelea hatuna ugomvi nayo yakiwa mawili. Yakibaki moja, "asitembee bila gongo" ni agizo ambalo polisi hawatalipenda. Mkongojo, kutoka kitenzi kongoja, ni salama zaidi.

5. Maneno yanayoumiza

Yapo maneno yanayoeleweka vizuri mno. Noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia: katika yote haya bandia ni udanganyifu. Kisha tunamwambia aliyekatwa mguu kwamba tutampatia "mguu bandia". Wataalamu wa kutengeneza vifaa hivi wamekuwa wakifundishwa nchini tangu mwaka 1981 katika chuo kilichopo KCMC, Moshi, na kazi ya mikono yao haina udanganyifu wowote. Neno hili limekwisha kota mizizi, hatutarajii kuling'oa katika orodha za vifaa. Mbele ya mgonjwa, "mguu wa kuvaa" lingetosha, maana kweli huvaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku.

Zito zaidi ni "mtindio wa ubongo". Jina hili hupewa watoto ambao ubongo wao ulidhurika kabla au karibu na kuzaliwa, hata mwendo na mkao wao ukawa na shida. Baadhi yao wana akili timamu kabisa. Lakini mama alisikiapo jina hilo husikia kwamba mwanawe ni punguani, na kama ni hivyo, nauli ya kila juma ya kumleta mazoezini ni ya nini? Tunapendekeza "ulemavu wa mwendo utokanao na ubongo". Ni refu, lakini halimhukumu mtoto.

"Mguu kifundo" nalo hutumiwa kwa mtoto aliyezaliwa na wayo uliogeukia ndani. Kila mguu una kifundo. Mzazi aambiwe nini hapo? "Wayo uliopinda" ni afadhali, kwa sababu kilichopinda huweza kunyooshwa, na kwa kweli hunyooshwa. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Marekani, wayo hugeuzwa polepole na kufungwa plasta mpya kila juma kuanzia majuma ya kwanza ya maisha. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, baadaye usiku tu, hadi afikapo miaka minne hivi. Mzazi wa mwambao anayo methali ya kumwelezea haya yote: samaki mkunje angali mbichi.

Wako watakaosema kwamba majina hayabadiliki. Tuwakumbushe kwamba kilema na kiwete vilikuwa vya kawaida katika nyaraka, lakini Sheria ya mwaka 2010 inazungumza habari za watu wenye ulemavu.

6. Mapendekezo

(i) Karatasi ya maelekezo ianze na vitenzi: kunja, kunjua, inua, shusha, kanyaga, egemea. Majina yafuate baadaye.

(ii) Tathmini ya mwendo isiandikwe "anatembea kwa shida". Lugha ina chechemea, chopea, guchia, jikongoja, pepesuka na kuburura mguu. Kwa mtoto ina sota, tambaa, simama dede na kwenda tete. Kila neno lipewe maana moja na wataalamu, lifundishwe vyuoni.

(iii) Maneno viungo, mshipa na kiwiko yasiandikwe bila kufafanuliwa.

(iv) Kabla istilahi ya tiba haijapitishwa, isomwe mbele ya wagonjwa wachache, nao waombwe kuonyesha kwa vitendo walichoelewa.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya afya, wauguzi na wafasiri watuletee maneno wanayoyasikia katika kliniki zao, pamoja na jina la mahali na maana iliyokusudiwa na msemaji. Hasa tungependa kujua maungo lina maana gani huko waliko.