Kutu, Magadi na Pistoni Iliyoganda: Jinsi Trekta Kongwe la Bustani Linavyofufuliwa
Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya International Harvester ya Marekani, ambayo tayari ilikuwa na jina kubwa katika matrekta ya mashambani, ilianza kutengeneza katika kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, trekta dogo lililowalenga wenye nyumba ambao viwanja vyao vya nyasi vilikuwa vipana mno kwa mashine ya kusukuma kwa mikono na vidogo mno kwa trekta la shamba. Trekta hilo, lililopewa jina la Cub Cadet na kupakwa rangi ya manjano na nyeupe, liliendeshwa na injini ya Kohler K161 yenye silinda moja na nguvu za farasi 7, huku mkanda ukipeleka mwendo kutoka kwenye injini hadi kwenye giaboksi. Kwa kuwa sehemu zake nyingi ni chuma kizito, hata lililolala miongo kadhaa kwenye kibanda kinachovuja huwa bado linafufulika, ingawa mara nyingi kinacholiharibu kabisa ni haraka ya mfufuaji kuliko kutu yenyewe.

Uchambuzi wa kazi hii hauna budi kuanza kwa kutofautisha nyuso za aina mbili. Uso unaofanya kazi ni ule unaosuguana na mwingine au unaoziba hewa, kama ukuta wa silinda na kikalio cha valvu, ambapo hata shimo dogo la kutu hubadilisha utendaji wa mashine. Uso wa kuonekana tu, kama boneti na madigadi ya magurudumu, unaweza kubaki na makovu bila trekta kupungukiwa na chochote. Mafundi wasio na uzoefu huigeuza tofauti hii juu chini, wakatumia wiki nzima kung'arisha boneti na dakika chache kuichunguza silinda.

Injini hushughulikiwa kwanza, na mara nyingi pistoni hukutwa imeganda. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko ile ya chuma kilichoizaa, na hivyo inapoota kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda huzibana pande zote. K161 ni injini ya valvu za ubavuni, yaani valvu zake zimo ndani ya bloku kando ya silinda badala ya kuning'inia kwenye kichwa cha injini, na kwa sababu hiyo kichwa kinapofunguliwa pistoni na valvu zote mbili huonekana wazi. Mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, humiminwa juu ya pistoni na kuachwa siku kadhaa; asetoni huyafanya mafuta yawe mepesi yapenye kwenye nyufa nyembamba, kisha yenyewe huvukiza na kuyaacha humo. Baada ya hapo pistoni hugongwa taratibu kupitia kipande cha mbao ngumu, na krenki huzungushwa kidogo mbele na kidogo nyuma. Kulikwamua gurudumu-tegemeo, yaani gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa krenki, kwa nondo iliyopachikwa kati ya mapezi yake ya kupoza injini ni kosa lisilorekebishika kwa urahisi, kwa kuwa mapezi hayo ni ya kusubu na hukatika badala ya kupinda.

Pistoni ikishatoka, ukuta wa silinda hupimwa kwa maikromita katika vimo kadhaa na katika pande mbili zinazokatana. Kipenyo cha asili ni karibu milimita 73; mashimo ya kutu yasipoondoka kwa kusugua kwa mawe laini yanayozungushwa, silinda huchongwa upya na kuwekewa pistoni iliyozidi kipimo kwa takriban robo ya milimita, nusu, au robo tatu. Valvu iliyokwama wazi haigongwi na pistoni katika muundo huu, kwa hiyo haipindi. Hasara yake ni kuvujisha mgandamizo tu, na kwa kawaida husafishwa, ikasagwa upya kwenye kikalio chake na kurudishwa.

Kwa sehemu nyingine za chuma, njia inayofaa zaidi ni elektrolisisi, yaani kuondoa kutu kwa kupitisha umeme ndani ya maji. Chombo cha plastiki hujazwa maji yenye kaboneti ya sodiamu, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 hivi. Ni kemikali ileile iliyomo kwa wingi katika magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ingawa magadi ghafi huwa na baikaboneti na uchafu mwingine pia. Kipande chenye kutu huunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na vipande vya chuma chakavu vilivyozungushwa pembeni huunganishwa na waya chanya. Kwenye kipande chenye kutu hutoka viputo vya hidrojeni, na sehemu ya kutu hubadilika kuwa oksidi nyeusi laini inayofutika kwa brashi, huku chuma kizima kikibaki bila kulika. Umeme hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo nyuso mbili zinatazamana moja kwa moja, na ndiyo sababu chuma chakavu hupangwa kuzunguka pande zote.

Njia hii ina mipaka ambayo haivumilii uzembe. Hidrojeni hulipuka, kwa hiyo kazi hufanywa mahali penye hewa na chaja huzimwa kabla ya waya kuguswa. Chuma kisichoota kutu hakitumiki upande wa chanya, kwa sababu kromiamu iliyomo huweza kuingia majini katika hali ya sumu. Aluminiamu huliwa na maji hayo ya magadi, na hapa ndipo mpangilio wa kazi unapojidhihirisha: pistoni ya K161 ni ya aluminiamu, hivyo bloku yenye pistoni iliyoganda haiwezi kutumbukizwa hata kama bloku yenyewe ni chuma cha kusubu. Springi ngumu nazo huwekwa kando, maana hidrojeni inayopenya ndani ya chuma kigumu huweza kukifanya kikatike.

Kipande kinachotolewa majini huanza kuota kutu upya ndani ya muda mfupi, hivyo huoshwa, hukaushwa na kupakwa praima siku hiyohiyo. Rangi ya zamani ya mashine za enzi hizo hudhaniwa kuwa na risasi mpaka kipimo kioneshe vinginevyo, na haikwanguliwi kwa msasa mkavu. Kuhusu rangi mpya hakuna mengi ya kueleza, isipokuwa kwamba tabaka nene linaloficha alama za kalibu ya chuma huifanya mashine ionekane mpya kuliko ilivyopata kuwa.

Mfumo wa umeme huhitaji subira kuliko fedha. Pointi, yaani swichi ndogo inayokatiza mkondo wa koili ili plagi itoe cheche, hupanguswa na kuachanishwa kwa nusu milimita. Jenereta ya trekta hili ndiyo pia starta, na ikiwa imefunguliwa au kukaa miaka bila kazi huenda ikapoteza usumaku mdogo unaoianzishia kazi ya kuzalisha umeme, au usumaku huo ukageuka upande. Kabla ya injini kuwashwa, waya hugusishwa kwa nukta moja kati ya ncha ya betri na ncha ya jenereta kwenye kidhibiti cha chaji ili usumaku huo urudi katika mwelekeo wake. Hatua hii ikirukwa, wengi huishia kununua kidhibiti kipya ambacho hakikuhitajika.

Injini hii haina pampu wala kichujio cha oili. Kijiti kilicho chini ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki, huchota oili na kuirusha kila upande, na konrodi yenyewe, ambayo ni ya aluminiamu, huzunguka moja kwa moja juu ya krenki bila beringi za kati. Ringi mpya zinapozoeana na silinda hutoa unga wa chuma ambao hauna pa kwenda ila kubaki ndani ya oili, na kwa hiyo oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 5 za kazi, injini ikiwa bado ya moto, kabla unga huo haujatulia chini.