Joto la Kuazima

Ukimkuta fundi wa Land Rover za zamani huko Ng'ambo, Unguja, usimharakishe. Atawasha injini, aiache kidogo, kisha aguse shingo ya kabureta. Mara nyingi ataikuta baridi, na siku zenye unyevu hutoka jasho, ingawa jua linawaka na injini inanguruma chini yake.

Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto. Ikivukizwa yote, mchanganyiko wake na hewa unaweza kupoa kwa takriban nyuzi 20. Kwenye nchi za baridi, petroli iliyokosa joto hubaki matone, ikatambaa kwenye kuta za manifoldi badala ya kuwaka. Magari ya mwanzo yalipona kwa kuwa petroli yao ilikuwa nyepesi. Tangu 1913, mbinu ya William Burton ya kuvunja mafuta mazito kwa joto ilisaidia kuongeza petroli sokoni, lakini mahitaji yalivyokua petroli yenyewe ikawa nzito zaidi, ngumu kuvukiza. Ford Model T ilivuta kwa bomba hewa iliyopashwa moto kando ya ekzosi. Land Rover yenye injini ya petroli ya 1958, lita 2.25, imefungwa manifoldi ya hewa juu ya ile ya ekzosi kwa bolti, ili moshi unaotoka upashe moto kinachoingia. Joto ambalo lingepotea bure linafanya kazi kwanza. Kwangu mimi, hicho ndicho kipande chenye akili kuliko vyote kwenye injini ile, na hakuna anayekitazama.

Huku kwetu, hasa kaskazi ikishika, joto linazidi. Gari likizimwa mchana wa jua kali, petroli huchemka ndani ya kabureta, ukirudi halitaki kuwaka. Vijana wengine huamua kuikata kabisa njia ya joto. Fundi hakubali. Anaweka kizuizi cha joto kati ya kabureta na manifoldi, anaacha joto la chini lilivyo, kisha anaanza kupima.

Kwanza anachomoa kijiti cha oili, ananusa, anasugua oili kati ya vidole. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, mchanganyiko unaingia ukiwa majimaji, unaosha oili kwenye kuta za silinda. Halafu gari linapelekwa mwendo wa kutosha, tuseme hadi Bububu na kurudi, maana plagi zilizopimwa injini ikinguruma gari limesimama hudanganya. Zinafunguliwa zote nne na kupangwa kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Rangi ya biskuti ni nzuri, nyeusi ya masizi maana yake petroli imezidi, nyeupe maana yake imepungua. Ila yeye hatazami moja moja; analinganisha mbili za katikati na mbili za pembeni. Zikitofautiana, petroli haigawanyiki sawa, na kuzungusha skrubu ya kabureta hakutamsaidia mtu.

Hapo anafungua manifoldi zote mbili. Akizirudisha, bolti zinazoziunganisha huziacha zimelegea, anakaza kwanza zile za kwenye silinda hedi mpaka nyuso zikae sawa, ndipo anamalizia za katikati. Spana boi mwenye pupa huanza na za katikati. Huyo hupasua chuma, na manifoldi nzima ya Land Rover siku hizi huipati kirahisi.