Ukwapi na Utao katika Kurasa za Tovuti: Uhakiki wa Namna ya Kuvipanga Vipande vya Shairi

Mshororo wa shairi la Kiswahili hugawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, na katika bahari iliyo mashuhuri kuliko zote kila kipande kina mizani 8. Kina cha kati hushuka ubeti mzima kwa upande mmoja, na kina cha mwisho hushuka kwa upande wa pili. Kwa hiyo jicho la msomaji huenda njia mbili: huvuka kutoka ukwapi hata utao ili kupata maana, na huteremka kutoka mshororo hata mshororo ili kuvipata vina. Sheria hizi zimekwisha elezwa na wataalamu wetu, na hasa Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, wala hatuna haja ya kuzirudia hapa.

Lililotushika kalamu ni jambo jingine. Siku hizi mashairi mengi, ya kale na ya sasa, husomwa katika kurasa za tovuti, na kurasa hizo hufunguliwa kwa vivinjari vya namna nyingi. Wahariri wajitahidi kuviweka vipande viwili kandokando, kama vilivyokuwa katika kitabu, na mara nyingi hushangaa kuona kwamba ubeti uliokaa sawasawa katika kivinjari kimoja umevurugika katika kingine. Yasemwa kwamba hili ni jambo la mafundi wa kompyuta. Sisi twaonelea kwamba ni jambo la uhariri wa matini, na kwamba asiyelishughulikia aweza kutoa shairi ambalo mtungaji hakulitunga.

Tuanze na tofauti iliyopo baina ya karatasi na skrini. Mpangaji wa herufi za risasi alijua upana wa ukurasa wake na ukubwa wa herufi zake, na alipokwisha kuikaza fremu, kazi ilikuwa imekwisha: nakala ya kwanza na nakala ya elfu zilifanana. Ukurasa wa tovuti sivyo ulivyo. Mhariri hupeleka maandishi pamoja na maagizo, na kivinjari ndicho kipangacho, tena hupanga upya kila ukurasa ufunguliwapo. Skrini zina upana mbalimbali; msomaji aweza kuzikuza herufi apendavyo; na kama aina ya herufi iliyoagizwa haipo, kivinjari huchukua nyingine, pengine iliyo pana zaidi. Hivyo mhariri wa leo hutoa amri kwa wapangaji wengi asiowaona.

Shida huzidi kwa sababu mizani si kipimo cha upana. Tutazame ubeti huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya mfano tu:

Tanga wamekwisha tweka, wanatoka bandarini;
Pepo za kusi zafika, mawimbi ni baharini;
Nahodha ameishika, dira yake mkononi;
Asiyejua kuweka, shehena azama chini.

Kila kipande hapa kina mizani 8 kamili. Lakini ukwapi wa kwanza una herufi 20, na ukwapi wa mwisho una herufi 14. Sikio huona usawa. Skrini huona tofauti ya karibu theluthi moja. Sasa tuseme mhariri amevikusanya vipande vyote 4 vya ukwapi katika safu wima moja ya kushoto, na vipande vyote 4 vya utao katika safu wima ya kulia, kila safu ikisimama peke yake. Katika kompyuta yake mambo ni mazuri. Ubeti huo huo ukifunguliwa mahali penye nafasi finyu kidogo, ukwapi wa kwanza, ulio mrefu kuliko wenzake, hukatika, na neno "tweka" hushuka chini. Mara vipande vyote vilivyo chini yake husogea kwa mstari mmoja, ilhali upande wa kulia haukusogea. Msomaji basi husoma: "Pepo za kusi zafika, dira yake mkononi", kisha "Nahodha ameishika, shehena azama chini", na mwisho "Asiyejua kuweka" husimama peke yake bila mwenzi.

Jambo la kutisha katika kosa hili ni kwamba haliguswi na sheria zetu. Mizani imetimia, maana kila kipande kimebaki na silabi zake. Vina vimetimia, maana kila ukwapi waishia kwa "ka" na kila utao waishia kwa "ni". Mwanafunzi akiupima ubeti huo kwa vina na mizani, atausahihisha na kuupa alama zote. Utaratibu ule ule uufungao ubeti kwa kushuka ndio uuruhusuo kufunguka kwa kuvuka bila mtu kutambua. Kinachopotea ni maana peke yake, na katika shairi la mafumbo, ambamo maana haijidhihirishi upesi, msomaji hudhani kwamba mtungaji ndiye aliyekusudia kiza hicho.

Sasa tuzikague mbinu zilizotumika, kwa kadiri zinavyolinda au kuvunja ujirani wa vipande.

Mbinu ya kwanza ilikuwa kutenga vipande kwa nafasi tupu nyingi. Hiyo haikuweza kudumu, kwani kwa kanuni ya HTML nafasi nyingi zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja, isipokuwa mhariri ameagiza vinginevyo. Hata akiagiza, safu ya pili hunyooka tu iwapo kila herufi ina upana sawa na mwenziwe, kama zilivyo herufi za taipu.

Mbinu ya pili ni jedwali. Majedwali yalionekana katika kivinjari cha Netscape mwaka 1995, yakaingizwa katika HTML 3.2 mwezi wa Januari 1997, na kwa miaka mingi kurasa nzima zilipangwa kwa njia hiyo. Baadaye mafundi waliyalaumu, wakisema kwamba jedwali ni la takwimu na si la mapambo. Lawama hiyo ni ya haki kwa kurasa nyingi, lakini kwa shairi yafaa tuseme kweli: jedwali ambalo kila safu mlalo yake ni mshororo mmoja lilikuwa sahihi kuliko mengi yaliyolifuata. Ukwapi ukikatika, safu mlalo nzima hurefuka, na utao wake hubaki ubavuni. Kasoro yake ni kwamba programu isomayo ukurasa kwa sauti hutangaza jedwali kana kwamba ni hesabu, na katika simu nyembamba jedwali halikubali kwa urahisi kuachana. Tena wako waliolitumia vibaya kwa kutia vipande vyote vya ukwapi katika kijumba kimoja na vya utao katika kijumba cha pili. Hao hawakupata faida ya jedwali hata kidogo.

Mbinu ya tatu ni kueleza, yaani kukifanya kipande kielee upande wa kushoto au wa kulia na kuyaacha mengine yakizunguke. Agizo hili lilikuwamo katika toleo la kwanza la CSS, lugha ya mitindo ya kurasa, lililoidhinishwa mwezi wa Desemba 1996. Lilikusudiwa kwa picha zinazozungukwa na maandishi, wala halikukusudiwa kujenga safu. Vivinjari navyo havikukubaliana katika hesabu. Tuseme kila safu imepewa upana wa pikseli 300, na nafasi ya ndani ya pikseli 10 kila upande, na mpaka wa pikseli 1 kila upande. Kwa sheria ya CSS nafasi na mpaka huongezwa juu ya upana, jumla 322. Internet Explorer 5 iliviingiza ndani ya upana, jumla ikawa 300 vilevile. Ukurasa ukiwa na pikseli 600, safu mbili zilienea katika kivinjari hicho, na katika vivinjari vilivyoifuata sheria zilihitaji 644, kwa hiyo safu ya pili iliporomoka chini ya ya kwanza. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 iliifuata sheria pale tu ukurasa ulipoanza kwa tangazo halali la aina ya hati. Nayo ilikuwa na ila yake, ya kuizidisha mara mbili nafasi ya nje ya kitu kinachoelea. Ugomvi huo umekwisha: CSS ya leo humruhusu mhariri kuchagua hesabu aitakayo. Hata hivyo kosa la asili limebaki, kwa kuwa safu mbili zinazoelea hazijuani. Kila moja hushuka kwa urefu wake, na hapo ndipo nahodha aachanapo na dira yake.

Mbinu ya nne ni gridi. Katika mwezi wa Machi 2017 gridi ya CSS iliingia katika Chrome, Firefox na Safari, na Edge ikafuata kabla ya mwaka kwisha. Katika gridi safu wima na safu mlalo hujuana, kama katika jedwali, lakini maandishi hayaitwi takwimu, na agizo moja latosha kuvitenganisha vipande katika skrini nyembamba. Ilibaki haja moja: mshororo uandikwe kama kitu kimoja chenye vipande viwili ndani yake, na papo hapo vipande vya mishororo yote vinyooke katika safu za pamoja. Hilo ndilo litendwalo na gridi ya ndani, iliyopatikana katika Firefox mwaka 2019, katika Safari mwaka 2022, na katika Chrome mwaka 2023. Mhariri wa leo basi hana udhuru wa ufundi.

Lakini tusiisifu gridi kupita kiasi. Chombo kizuri hakimzuii mtu kuandika vibaya. Aliyeandika ukwapi wote kwanza na utao wote baadaye, kisha akavipanga kwa gridi hata vikapendeza machoni, bado ameliharibu shairi. Programu isomayo kwa sauti itamsomea kipofu vipande 4 vya ukwapi mfululizo, ndipo ije kwenye utao. Mtafiti anakiliye ubeti ili kuutia katika mkusanyo wake wa matini atapata mpangilio huo huo, na pengine ataupeleka kwa wengine.

Yaweza kuulizwa: kufanana katika vivinjari vyote maana yake nini hasa? Jibu limo katika historia ya maandishi yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, yakakusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na baadaye W. Hichens akatoa diwani yake kwa herufi za Kilatini mwaka 1940. Hati ya Kiarabu huanzia kulia, na ya Kilatini huanzia kushoto. Vipande viwili vikipangwa kandokando, ukwapi huwa kulia katika hati ya kwanza, na kushoto katika hati ya pili. Upande wageuka, ujirani wabaki. Na hapa pia mbinu zatofautiana: ukurasa ukitangazwa kuwa wa kuanzia kulia, jedwali na gridi hugeuka zenyewe, lakini kipande kilichoamriwa kuelea kushoto hubaki kushoto, na utao hujikuta umetangulia. Anayetaka kuchapa hati mbili za shairi moja katika ukurasa mmoja na alitie hilo moyoni. Kinachopaswa kufanana kila mahali ni kwamba ukwapi wamjua utao wake. Vipimo na pande vyaweza kubadilika.

Wako wasemao kwamba shida hii yote yaweza kuepukwa kwa kuandika kila kipande katika mstari wake. Hatukubaliani nao. Ubeti wa mishororo 4 utaonekana kuwa wa mistari 8, kina cha kati kitaonekana kuwa kina cha mwisho, na mwanafunzi hatajua tena shairi limekoma wapi na utenzi umeanzia wapi. Katika simu nyembamba ni halali utao ushuke chini ya ukwapi wake, ukaingizwa ndani kidogo ili ijulikane kwamba ni mshororo ule ule unaoendelea. Lakini hiyo ni ruhusa ya mahali pafinyu. Katika maandishi yenyewe mshororo ubaki mmoja.

Tungependa basi wahariri wa mashairi wafanye majaribio manne kabla ya kuutoa ukurasa. Wazikuze herufi hadi asilimia 200, wakaangalie kama kila utao umebaki na mwenziwe. Wanakili ubeti na kuubandika mahali patupu, wakaone umefuatana vipi. Waisikilize programu isomayo kwa sauti. Na wakiwa na hati ya Kiarabu, waugeuze mwelekeo na kutazama ni kipande gani kilichotangulia. Majaribio haya hayahitaji fundi. Yahitaji mtu alijuaye shairi, kwa kuwa mashine haiwezi kutambua kwamba nahodha hushika dira wala hashiki shehena.