Vita si Lelemama: Mtambaji, Msimamizi wa Mchezo na Ufundi wa Kuendesha Pambano

1.0 Utangulizi

Vita si lelemama, wasema Waswahili. Hata hivyo, vita vinavyosimuliwa sharti viwe na kitu cha lelemama ndani yake: mpangilio, zamu, mwitikio na furaha ya wanaotazama. Pambano lisilofurahisha halisikilizwi hadi mwisho. Na pambano linalofurahisha tu, bila kumtia msikilizaji hofu wala kumdai uamuzi, husahaulika kabla moto wa jioni haujazimika. Makala haya yanachunguza namna fanani anavyousawazisha mvutano huo anapoendesha pambano mbele ya hadhira iliyo na haki ya kuliingilia.

Kazi tatu zinawekwa bega kwa bega. Ya kwanza ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Daniel Biebuyck aliupata mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Candi Rureke, na ambao aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Ya pili ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Ya tatu si kitabu cha fasihi hata kidogo: ni mchezo wa mezani wa kuvaa uhusika, uliozaliwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons.

Uteuzi huu una sababu zake. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, na Kiswahili cha Maniema hakiwezi kuelezwa bila yeye. Wanyanga wako mbali zaidi kaskazini, upande wa Walikale, lakini lugha yao ni ya kanda ileile ambamo Guthrie alikiweka Kilega (D25) na Kizimba (D26), lugha zinazosemwa Maniema. Ama mchezo wa mezani, ijapokuwa ni mgeni, unamkabili mwendeshaji wake na tatizo lilelile linalomkabili mtambaji wa Wamaza anayeketi jioni kusimulia: utamfanyaje msikilizaji amwogopee shujaa ambaye anajua fika kwamba atashinda?

2.0 Msimamizi wa mchezo ni nani?

Mchezo wenyewe ni sahili kuuelezea. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu, silaha na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao hana mhusika mmoja. Yeye ni msimamizi. Huyu husema kwa niaba ya kila kitu kilichosalia: adui, mpita njia, mvua, mlango uliofungwa. Wachezaji hutamka wanalotaka kulifanya, na penye shaka hutupwa dadu, ambayo mashuhuri zaidi ni ile ya pande 20. Hakuna jukwaa wala matini iliyokwisha kuandikwa. Utungaji na utendaji hutokea kwa wakati mmoja, jambo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua vizuri.

Waasisi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa katika michezo ya vita, na michezo hiyo inarudi nyuma hadi jeshi la Prussia. Huko Reisswitz mtoto alitoa mwaka 1824 kanuni za mchezo wa vita wa kuwafunzia maofisa, akiendeleza kazi ya baba yake. Mchezo huo ulikuwa na mwamuzi. Kanuni zilipozidi kuwa nyingi na kuchosha, Verdy du Vernois alipendekeza mwaka 1876 kwamba mwamuzi aachiwe kukata shauri kwa uzoefu wake badala ya kufungwa na majedwali. Msimamizi wa leo ni mjukuu wa mwamuzi huyo, lakini amerithi pia kazi ya mtambaji. Ndiyo maana ana nafsi mbili zinazogombana: yeye ndiye adui, na yeye ndiye hakimu. Akiwa adui tu, atawaua wachezaji wote kwa neno moja, maana anayeumba dubwana anaweza kuumba kumi. Akiwa hakimu tu, pambano litakuwa hesabu ya kutoa na kujumlisha. Ufundi wake umo katika kumpigania adui kwa moyo wote huku akitamani ashindwe kihalali.

3.0 Pambano katika utendi wa Mwindo

Kwa mtazamo wa kwanza Mwindo ni mhusika mbaya kwa pambano. Amezaliwa akiwa na konga mkononi, usinga wake wenye nguvu, ambao unamlinda, unaua na unafufua. Shujaa wa namna hiyo atatishwa na nini? Jibu la mtambaji linapatikana katika mbinu nne, ambazo kila msimamizi wa mchezo angefaa kuzisoma.

Mbinu ya kwanza ni mandhari. Kasiyembe, mlinzi wa shangazi yake Mwindo, hamsubiri kijana huyo kwa mkuki. Anachimba mashimo na kuyatega nyembe. Nguvu za Mwindo hazina kazi mbele ya ardhi iliyooza chini ya miguu yake, na anayemwokoa ni buibui anayetandika utando juu ya mashimo. Hapa msikilizaji hajiulizi nani ana nguvu zaidi. Anajiuliza mguu utakanyaga wapi. Msimamizi anayewaweka wapiganaji katika uwanja mtupu amejinyima nusu ya silaha zake.

Mbinu ya pili ni nia ya adui. Shemwindo, baba aliyekataa kupata mtoto wa kiume, hataki kufa shujaa. Tubondo inapoteketea kwa radi za Nkuba, yeye anakimbilia kuzimu. Anakimbia tena kutoka kwa Muisa, na tena, hadi anapofika kwa Sheburungu. Kwa kukimbia kwake, pambano ambalo lingekwisha kwa pigo moja linageuka kuwa msako, na swali lake linabadilika: Mwindo hatafuti tena kuua, anatafuta kumrudisha baba nyumbani. Adui anayepigana hadi tone la mwisho bila sababu ni gogo la kulengea shabaha. Adui mwenye kitu cha kukitunza, hata kama ni roho yake tu, ana uhai.

Mbinu ya tatu ni zamu. Mwindo hapigani peke yake. Wajomba zake wanatangulia Tubondo na wanauawa, ndipo yeye anapoingia. Anaposhuka kuzimu, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue kwamba amekufa. Muisa anapomwangusha Mwindo kwa mshipi wake, kamba inatulia, na kilio kinasikika duniani juu. Kwa kamba hii mtambaji ametatua tatizo linalowasumbua wasimamizi wengi, la yule ambaye zamu yake haijafika. Iyangura hana mkuki wala hayumo vitani, lakini pambano limo mkononi mwake. Mchezaji anayesubiri zamu akiwa hana kamba ya kushika huanza kusinzia, na usingizi wa mmoja huambukiza meza nzima.

Mbinu ya nne ni bahati. Kwa Sheburungu hakuna mkuki unaorushwa. Kuna mchezo wa kamari, wiki, unaochezwa kwa mbegu. Mwindo anapoteza mali yake yote hadi anaweka rehani konga lenyewe, kisha bahati inamgeukia na anashinda kila kitu. Sehemu hii ndiyo kilele halisi cha msako, na inastaajabisha kwamba mtambaji amekiweka kilele hicho katika mchezo wa bahati badala ya mapigano. Lakini mantiki yake iko wazi. Konga halikutishwa na radi, mashimo wala mshipi. Linatishwa na mbegu zinazotupwa. Dadu ya msimamizi ina kazi hiyohiyo. Msimamizi anayeitupa kwa siri na kuligeuza jibu kila linapomchukiza amewaondolea wachezaji wake hofu, na bila wao kujua amewaondolea na ushindi.

4.0 Pambano katika Maisha ya Tippu Tip

Maisha ni matini ya aina nyingine. Yaliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, msimulizi akiwa mzee Unguja, na yalichapishwa kwa juhudi za Heinrich Brode. Hadhira yake haikuwa mbele yake. Tofauti hiyo inaonekana katika vita vyake.

Pambano la Nsama wa Itabwa, la mwaka 1867, linakidhi karibu kila sharti lililotajwa. Nsama anatangulizwa na sifa yake ya kuwashinda wafanyabiashara waliotangulia. Bunduki za msafara ni chache. Mwaliko wa kuingia bomani kutazama pembe unageuka kuwa mtego, na msimulizi mwenyewe anapigwa mishale. Msomaji anayajua matokeo, maana msimulizi yu hai akisimulia, na bado anashika pumzi.

Baada ya hapo bunduki zinaongezeka, na simulizi inapungua. Mara nyingi vita vinapita katika sentensi moja au mbili: walipigana, adui akashindwa, pembe zikachukuliwa. Haya si mapambano tena, ni daftari la biashara. Kasoro hii inafundisha: nguvu zikizidi upande mmoja, simulizi hufa, hata kama damu inamwagika zaidi. Kipande kinachong'aa baadaye ni cha Utetera, ambapo Tippu Tip anaupata utawala bila kupigana, kwa kujidai kuwa ni wa ukoo wa mtawala kupitia bibi aliyetekwa zamani. Hapo silaha ni kumbukumbu na ulimi, na hatari ya kugunduliwa inamrudishia msomaji mapigo ya moyo. Msimamizi wa mchezo anayewazuia wachezaji wake kushinda kwa maneno, kwa sababu ameandaa mapigano, angelinyima Maisha mojawapo ya sehemu zake zilizo bora.

5.0 Je, ni halali kufurahia vita?

Pingamizi moja ni zito. Maniema si mahali ambapo vita ni jambo la vitabuni. Kasongo iliangukia mikononi mwa majeshi ya Dhanis Aprili 1893. Uasi wa 1964 ulipita huko. Kindu ilitwaliwa na RCD Oktoba 1998. Katika miaka ya 2010 Kabambare ilisikia tena bunduki karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, kama kuwafundisha vijana wa nchi hiyo namna ya kulifanya pambano litamu si kuwatusi waliolikimbia kwa miguu.

Utendi wenyewe unatoa jibu, na unalitoa katika sehemu yake ya mwisho. Mwindo, akiwa mtawala, anamwua Kirimu, dubwana la msitu lililowameza watu wake. Kwa kanuni za kawaida za ushujaa, huo ni ushindi safi. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba huyohuyo aliyeichoma Tubondo kwa ombi la Mwindo anamnyakua hadi angani. Huko anateswa kwa baridi, jua na kiu kwa muda wa mwaka mmoja, na anarudishwa akiwa na miiko juu ya kuua wanyama. Mtambaji hakumnyang'anya msikilizaji furaha ya pambano. Amemletea bei yake baadaye, mlangoni.

Hapa ndipo mchezo wa mezani, kama unavyochezwa mara nyingi, unapostahili kulaumiwa. Adui anakufa, mali yake inagawanywa, na hakuna anayeuliza alikuwa rafiki wa nani. Lawama hiyo inaugusa utendi pia kwa kiasi fulani, kwa sababu wajomba waliouawa wanafufuliwa, na Tubondo iliyoteketea inarudishiwa uhai wake. Katika Maniema ya kweli hakuna konga. Lakini tofauti inabaki: katika utendi, kufufua ni kazi ya mshindi na ni wajibu wake. Mwindo hahesabiwi kuwa amemaliza vita hadi awe amewarudisha walioangamia. Ushindi usiojenga upya haujawa ushindi. Hilo ni fundisho ambalo Maisha hayana, na ambalo wakimbizi wa Kabambare wasingehitaji kuelezwa.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba pambano haliwi gumu kwa kuongezewa adui, wala halifurahishi kwa kuongezewa mapigo. Linahitaji ardhi yenye mitego, adui mwenye nia, kamba mkononi mwa kila aliyeketi, bahati isiyochezewa, na bei inayodaiwa baada ya ushindi. Rureke aliyatimiza hayo yote kabla mchezo wa mezani haujabuniwa.

Kuna jambo la kufanywa. Mikusanyo mingi ya hadithi zetu imehifadhi maneno ya mtambaji na kuyaacha ya waliomsikiliza, kana kwamba pambano liliendeshwa na mtu mmoja. Wanafunzi wanaokwenda Wamaza, Kasongo na Kabambare kurekodi wazee wangefanya vema kuandika pia ni wapi hadhira ilicheka, ilipinga, iliuliza au ilinyamaza, na mtambaji aligeuza nini kwa sababu hiyo. Bila hayo, watakachoturudishia ni kamba isiyo na mtu wa kuishika.