Pongezi kwa Stesheni ya Syokimau

Stesheni ya Syokimau ni ndogo, lakini inastahili pongezi za dhati. Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, na tangu hapo imewapa wakazi wa viunga vya kusini-mashariki mwa Nairobi njia ya kulikwepa jinamizi la Barabara ya Mombasa.

Siri yake ni uwanja wa kuegesha magari. Mwenye gari huliacha hapo alfajiri, akakata tiketi, akapanda behewa. Treni hupitia Imara Daima na Makadara, kisha abiria wanamiminika katikati ya jiji, wengine wakiwa wamesimama safari nzima, begi kifuani. Huko barabarani, matatu na malori bado yanasukumana.

Reli ya kisasa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, kituo chake kikuu cha Nairobi kilikuwa kimejengwa jirani. Anayetoka Mombasa na mizigo yake sasa anaunganisha treni ya mjini papo hapo. Huo ni mpango wa busara, na haukuja mapema hata kidogo.

Treni nyingi bado ni za asubuhi na jioni. Shirika la Reli la Kenya liongeze za mchana; wanafunzi na wachuuzi pia wana safari zao.