Oili ya Lori la Kaniama: Soma Herufi Kabla ya Namba

Lori lililobeba mahindi ya Kaniama, nchini Kongo, likielekea Kamina au Mwene-Ditu hupita Barabara ya Taifa Namba 1, na sehemu kubwa ya barabara hiyo huko ni udongo. Mzigo ukiwa mzito, dereva hushinda kwenye gia ndogo: injini inakazana, gari linakwenda taratibu, upepo wa kupoza rejeta ni haba. Kiangazi kinaongeza vumbi. Oili ya lori kama hilo ichaguliwe kwa kuangalia kazi hiyo, si rangi ya bidoni.

Wauzaji hutangulia kutaja namba. Mpango wa kuziainisha oili kwa uzito ulianzishwa mwaka 1911 na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Kwenye 15W-40, namba iliyo mbele ya W inahusu baridi. Oili ya 15W hupimwa kama stata itaweza kuizungusha injini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kaniama haina alfajiri ya namna hiyo, hata Juni na Julai. Mwenye lori la zamani anayelipia 5W analipia kinga asiyoihitaji.

Namba ya pili ndiyo inayotuhusu, na ndiyo inayopotosha. Mafundi wengi huacha 15W-40 wakachukua 20W-50, wakiamini kuwa oili nzito hulinda zaidi kwenye joto. Kwenye nyuzi 100 ni kweli 50 ni nzito: uzito wake unaanzia milimita mraba 16.3 kwa sekunde, na wa 40 unaanzia 12.5. Lakini ndani ya beringi za krankishafti oili haikai imetulia. Inasagwa katikati ya vyuma viwili vinavyopishana kwa kasi. Kipimo kinachoiga hali hiyo hufanyika kwenye nyuzi 150, na hapo kiwango cha chini ambacho SAE inadai kwa 15W-40 ni milipaskali-sekunde 3.7. Kwa 20W-50 ni hicho hicho, 3.7. Namba 50 peke yake, basi, haikuhakikishii kinga zaidi mahali ambapo injini hufia. Asubuhi injini ikiwa imepoa, oili nzito huchelewa pia kupanda hadi juu kwenye valvu. Naikubali 20W-50 kwa injini iliyochakaa inayokula oili, lakini hapo mwenye gari anaahirisha matengenezo tu.

Herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani, ndizo zinazoeleza kilichomo. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. CI-4 ilitoka mwaka 2002, CK-4 mwishoni mwa 2016, na ni rahisi kudhani kwamba mpya ndiyo bora popote. Sikubaliani. Salfa ya dizeli ikiungua na kukutana na unyevu huzaa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hula ringi na beringi. Dawa iliyomo kwenye oili huivunja nguvu asidi hiyo mpaka dawa yenyewe iishe. CI-4 ilitungwa kwa dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5. CK-4 ilitungwa kwa salfa isiyozidi asilimia 0.05, na majivu yake yamewekewa kikomo ili yasizibe chujio la moshi, ambalo lori la zamani halina kabisa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kiwango cha asilimia 0.005 Januari 2015. Lakini Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022 tu, na dizeli ya mapipa ya njiani haina anayeipima.

Kwa hiyo lori la zamani lipewe 15W-40 yenye CI-4. Lori jipya lenye chujio la moshi lipewe CK-4. Yote mawili yabadilishiwe oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu vipindi vya kitabu vimehesabiwa kwa lami na dizeli safi.

Vumbi halina oili inayolishinda. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na mpira uliopasuka kati ya filta ya hewa na tabo huziingiza moja kwa moja. Mwenye lori, fedha utakayookoa kwa kuacha 5W inunulie filta halisi ya hewa, na mpira huo ukaguliwe kabla ya kila safari ya kiangazi.