Nyasi Huja Mwisho

Wengi husifu bustani ya nyumba kwa ukijani wake. Mimi hungoja mvua ya Aprili, hapa Nairobi, niitazame ikinyeshewa. Iliyosawazishwa vyema haibaki na kidimbwi: maji hutandaa, hunywewa, na yanayozidi huufuata mfereji, mbali na msingi wa nyumba. Kazi iliyoyaongoza imefukiwa chini ya nyasi, wala hakuna mgeni anayeiulizia.

Kusawazisha si kuilaza ardhi kama meza. Fundi hodari huacha mwinamo wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, kiasi ambacho jicho hupitwa nacho lakini maji hayapitwi. Huupata kwa vigingi, uzi na ule mpira mwangavu wa waashi uliojazwa maji, ambao hata ukipindapinda, maji ya ncha zake mbili husimama kimo kimoja. Kwa uwanja wa nyumba, sijaona kipimo kinachoushinda.

Kabla ya kumwaga udongo, huchunguza kwa nini pamezama. Ni fuko aliyechimba? Ni mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa? Ni vifusi walivyoviacha wajenzi? Kishimo kisichojulikana chanzo chake hujazwa leo kikadidimia tena masika yajayo. Penye kina, hukata nyasi pande tatu kwa sepetu, akazikunja pamoja na mizizi yake, akajaza udongo chini, akashindilia, kisha akazirudisha mahali pake. Penye bonde dogo hutandaza udongo, mchanga na samadi iliyooza, unene usiozidi sentimita moja, ncha za majani zikiwa bado zinachungulia. Nyasi zikishapenya ndipo huongeza tena. Subira hii naiheshimu kuliko nguvu zote za jembe, kwa maana nyasi zilizofukiwa kwa pupa hukosa hewa na mwanga, zikaoza.

Palipobaki upara hupandwa upya. Nyasi za Kikuyu ni wenyeji wa nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, ingawa leo zimeenea hadi malisho ya Australia na uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles. Maua yake hujificha chini, na mbegu hubaki ndani ya ala za majani, kwa hiyo huku kwetu hupandwa zaidi mashina yatambaayo. Fundi huyakata vipande vyenye vifundo kadhaa, akafukia vifundo na kuacha majani nje, shubiri moja kutoka kipande hadi kipande, kisha akakanyaga kwa kisigino, maana kifundo kisichoshikana na udongo hukauka kabla ya kutoa mzizi. Hupanda mvua zinapoanza, ili mbingu imsaidie kumwagilia. Katika mtaa ambamo watu hupanga foleni ya maji kwa ndoo, kwa maoni yangu, nyasi zingoje.

Huumia ninapoona mtu mwenye maarifa haya akilipwa kibarua cha siku, kana kwamba alibeba toroli tu. Udongo mpya hushuka baada ya mvua kubwa za kwanza; hakuna mkono unaoweza kuushindilia ukamaliza yote. Kwa hiyo aitwe tena akague, ajaze palipozama, na siku hiyo nayo alipwe kama fundi.